Mtoto Aliyetakiwa Awe Zahanati

Hapo juzijuzi, wala si zamani, palikuwa na nchi isiyo na jina. Si kwamba haikuwahi kuwa nalo. Ilikuwa nalo, tena zuri, watoto waliliimba shuleni kila asubuhi. Kisha likapelekwa Wizara ya Majina na Maendeleo likahakikiwe, na mpaka leo halijarudi. Wanaouliza huambiwa linashughulikiwa. Kwa hiyo wenyewe huiita Nchi Yenyewe, na wakiwa ugenini wakiulizwa wametoka wapi, hunyoosha tu kidole upande wa kwao.

Basi katika Nchi Yenyewe, kata ya Mkwiro wa Juu, aliishi fundi cherehani mmoja kijana aliyeitwa Siwatu. Jina hilo alipewa na bibi yake kabla Wizara haijaanzishwa, enzi zile mtu alipomwita mjukuu wake anavyotaka na jua likaendelea kuchomoza. Siwatu alikuwa na binti mchanga, mwenye vidole vya kushika kila kitu na kifua cha kukoroma kidogo kila baridi ikizidi. Mtoto hakuwa na jina. Majirani, ambao wamezoea kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe, walikwama. Wakawa wanamwita Mama Nanihii.

Jina Siwatu alikuwa nalo moyoni. Mtoto alizaliwa alfajiri, mlango ukiwa wazi kwa sababu mkunga alitaka hewa, na kwenye kipande kile cha mbingu juu ya paa la jirani Siwatu aliona vinyota vimejibana pamoja kama vifaranga. Mama yake alimfundisha kuvitambua alipokuwa mdogo, wakienda shambani: hicho ni Kilimia, kikionekana ujue msimu haujakusahau. Siwatu akavitazama mpaka uchungu ukaisha na kilio kikaanza. Akajua mtoto ataitwa Kilimia.

Lakini katika Nchi Yenyewe jina haliwi jina kwa kupendwa na mama. Sheria yao, wanayoisifu kuwa ya kale sana kwa sababu waliikuta walipozaliwa, inasema hivi: jina hukaa pale mtumishi wa serikali anapoliita kwa sauti na mtu akaliitikia. Aliyeitikia, ndilo lake. Mtoto mchanga hajui kuitika, kwa hiyo mama yake humwitikia. Mtumishi akiita, mama akisema "Abee", limekaa, na halibanduki mpaka kaburini.

Na kabla ya kuitwa, kila jina lisilo la kawaida hutolewa maoni kwanza. Majina ya mahali hupelekwa Idara ya Mipaka. Majina ya nyota hupelekwa Idara ya Hali ya Hewa. Majina yanayotokana na maneno tu, kama Subira au Tulizana, hupelekwa polisi. Umakini huo una sababu zake. Kijana mmoja aliyeitwa Ng'ambo aliomba pasipoti akanyimwa, ofisa akimweleza kwa upole kwamba yeye tayari ameshafika.

Siwatu alizijua taratibu hizi kuliko wengi. Huyu hakuwa mtoto wake wa kwanza. Wa kwanza alitaka kumwita Mapambazuko. Maoni yalichelewa, kifua cha mtoto hakikuchelewa, na Hospitali ya Mkoa haimpokei mgonjwa asiye na jina, maana itajuaje ni nani aliyepona? Wiki iliyofuata maziko, tarishi wa Wizara alikuja amevaa tai, akapiga hodi, akatangaza kwa furaha kuwa jina limekubaliwa, tena kwa sifa. Akauliza kama atapata maji ya kunywa. Siwatu alimpa.

*

Kikao cha maoni kilifanyika katika ukumbi wa kata. Aliyekiongoza alikuwa Mtendaji wa Kata, Bwana Tindwa, mtu mwenye masharubu yaliyochongwa na viatu vinavyong'aa hata msimu wa tope. Bwana Tindwa alikuwa na sifa moja iliyompandisha cheo mara kwa mara: alikuwa mwepesi wa kuitika. Mkubwa akikohoa tu, yeye "Naam, Mheshimiwa." Mke wake alisema hata Waziri akisikika redioni, mumewe huacha kijiko, husimama wima na kuitika, na mchuzi hupoa hapo.

"Mama," alisema Bwana Tindwa, "umeleta jina gani?"

"Kilimia, Bwana Mtendaji."

Ukumbi ukaguna. Mwakilishi wa Hali ya Hewa akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, hizo si nyota moja. Ni nyingi, zimekusanyika mahali pamoja, tena usiku. Nauliza tu, kibali chao kiko wapi?"

"Hoja nzito," akasema Bwana Tindwa.

Mwalimu mstaafu wa upande wa kushoto akasema kwamba, kwa alivyosoma yeye, nyota hizo zina tabia ya kuwaambia wakulima wakati wa kupanda, kazi ambayo ni ya Wizara ya Kilimo, na Wizara ya Kilimo haijawahi kusema chochote. Kwa hiyo mtoto atakuwa anaisema Wizara tangu utotoni.

Mama mmoja wa makamo, akijipepea kwa kipepeo cha ukili, alisema, "Jina lenyewe zuri, sikatai. Ila wenzake wanaitwa Ndoo na Kapu. Huyu akiitwa kitu cha mbinguni, si atatupanda kichwani?"

"Na wewe baba uliyekaa nyuma, una maoni gani?" akauliza Bwana Tindwa.

"Mimi nimeshakunywa soda," akajibu yule baba. "Naunga mkono hoja."

"Hoja ipi?"

"Hiyo hiyo."

Siwatu aliomba kusema. Alisema alisoma masomo ya jioni mpaka akamaliza, na huko walifundishwa kwamba nyota hazina serikali. Bwana Tindwa akatabasamu jinsi mtu anavyotabasamu mbele ya mtoto aliyeshika kisu.

"Mama, serikali yako inakupenda," akasema. "Haitakuacha mikono mitupu. Kata hii iliahidiwa zahanati. Mheshimiwa Waziri mwenyewe anakuja Jumamosi kuizindua. Na mtoto ambaye hajaitwa ni mmoja tu." Akamwonyesha yule mchanga kwa kalamu. "Hongera sana. Binti yako ndiye Zahanati."

*

Hapa msomaji wa nchi nyingine, nchi ambako mambo hayaendi hivi hata kidogo, atahitaji kuelezwa. Miaka ya nyuma serikali ya Nchi Yenyewe ilikuwa na ahadi nyingi na saruji kidogo. Ndipo mshauri mmoja akagundua kwamba watoto huzaliwa bila gharama kwa serikali. Ukaanza mpango wa Maendeleo kwa Majina. Kata iliyoahidiwa kisima hupewa mtoto aitwaye Kisima. Waziri huja, mtoto hufungwa utepe kiunoni, utepe hukatwa, watu hupiga makofi, na kwenye taarifa ya mwaka kisima huwa kimo. Mkwiro wa Juu, kwa mujibu wa taarifa hiyo, ilikuwa imeendelea sana. Ilikuwa na Umeme, mvulana anayeogopa giza. Ilikuwa na Lami, msichana mwenye mbio. Na ilikuwa na Daraja, mwana wa jirani yake Siwatu, ambaye wakifika mtoni hubebwa mgongoni.

Jioni ile mume wa Siwatu, Makungu, alikaa kizingitini akilikata kucha gumba la mguu, kazi anayoichagua akiwa hana la kusema.

"Mke wangu, mimi nasema tu. Zahanati si jina baya. Ukilirudiarudia, linakuwa na mahadhi."

"Lirudierudie basi."

"Zahanati. Zaha." Akajaribu tena. "Tunaweza kumwita Zaha."

"Na kifua chake tukipeleke wapi, Baba Zaha?"

Makungu akaweka wembe chini. Yeye ndiye aliyemwendesha Mapambazuko kwenye baiskeli kwenda mkoani, na yeye ndiye aliyegeuza baiskeli langoni walipokataliwa.

"Ukikataa watatufanya nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Mama Daraja alikuja kuazima chumvi, akakaa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mzaha mwingi, lakini siku hiyo mzaha aliuacha kwake.

"Nikwambie kitu, mdogo wangu. Walipomwita wangu Daraja, niliitika. Nani asingeitika? Waziri amesimama, bendi imenyamaza, watu wote wananitazama mimi. Nikasema abee. Walinipa na kanga. Mvua zilipokuja, mto ukajaa, mume wangu alikuwa ng'ambo ya pili na gunia la mahindi. Daraja alikuwa ndiyo kwanza anatambaa." Akaikunjakunja karatasi ya chumvi. "Baada ya matanga nikaenda Wizarani kuomba daraja. Wakanitazama kama mwizi. Wakasema, mama, si mnalo? Tena linakua."

Siwatu aliitazama miguu ya mwanawe ikichezacheza ndani ya shuka. Ikiwa ataitika, mtoto atapata jina na kata haitapata zahanati maisha yake yote. Asipoitika, mtoto hatakuwa na jina, na baridi ya mwezi ujao inakuja na majina au bila majina.

"Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?" akauliza.

"Mimi nilikuwa wewe," akasema Mama Daraja.

*

Jumamosi Waziri aliteremka kwa helikopta, vumbi likawavika watu wote nguo za rangi moja. Bwana Tindwa alikuwa mstari wa mbele, visigino vimegusana. Hotuba ilikuwa ndefu na yenye afya.

"Ndugu wananchi, nchi nyingine zinajenga zahanati kwa matofali. Matofali hupasuka. Paa huvuja. Sisi tumejenga zahanati yenye damu. Zahanati inayonyonya. Zahanati ambayo mkihama, mnahama nayo."

Makofi.

"Wapo wanaopenda majina ya nyota. Siwalaumu. Lakini nauliza, nani kati yenu amewahi kutibiwa na nyota?"

Makofi tena, na kicheko cha watumishi.

Siwatu alikuwa amesimamishwa juu ya jukwaa, mtoto mikononi, utepe mwekundu umefungwa fundo la kipepeo tumboni mwa mtoto. Mtoto alikuwa akijaribu kuula. Mwanasheria wa Wizara akasoma kifungu: jina litaitwa na mtumishi, litaitikiwa, na aliyeitikia ndilo lake. Bendi ikanyamaza.

"Zahanati," akaita Waziri, sauti tamu ya mtu anayejua atakachojibiwa.

Siwatu hakuitika. Alihisi meno yake yamegusana yakashikamana. Kule chini Makungu alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

Waziri akacheka kidogo. "Mama ameona haya. Zahanati."

Helikopta ilikuwa inapoa, ikitoa milio midogo ya chuma. Mtu fulani akakohoa akajuta. Bwana Tindwa akamkonyeza Siwatu, akamtolea macho, midomo yake ikisema abee, abee, bila sauti. Siwatu akamtazama Mama Daraja, na Mama Daraja akatikisa kichwa polepole, mara moja.

Sasa Waziri hakuwa anacheka tena. Hakuwahi kumwita mtu asiitikiwe. Aligeuka, akatafuta wa kumlaumu, macho yake yakaangukia viatu vinavyong'aa, yakapanda mpaka kwenye masharubu, na kwa sauti ile inayotikisa redio akanguruma:

"Zahanati."

"Naam, Mheshimiwa," akaitika Bwana Tindwa.

Ilimtoka yenyewe, kama chafya. Visigino vikagongana.

Mwanasheria akafungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena. Akamnong'oneza Waziri. Waziri akamnong'oneza yeye. Ilionekana hakuna kifungu cha kubandua jina, kwa sababu aliyependekeza kifungu hicho aliwahi kuulizwa anataka kumbandua nani, akahama nchi. Rubani akaonyesha saa. Basi utepe ukafunguliwa tumboni mwa mtoto, ukafungwa kwenye tumbo la Bwana Tindwa, ambalo liliuhitaji wote, na Waziri akaukata. Watu walipiga makofi kwa sababu walikuwa wameambiwa wapige.

Jioni redio ilitangaza kwamba Mkwiro wa Juu imepata zahanati, imara, yenye uzoefu wa miaka mingi serikalini.

Siwatu aliisikia taarifa hiyo akiwa anaosha nepi. Furaha aliyorudi nayo kutoka uwanjani ikamwisha mikononi pamoja na povu. Wamehesabu. Mtoto bado hana jina, na zahanati imeshahesabiwa.

*

Baridi ilikuja kabla ya wakati wake. Alfajiri moja Siwatu aliamshwa na kifua cha mtoto, na safari hii hakikuwa kikikoroma. Kilikuwa kinavuta. Aliujua mvuto huo. Makungu alikuwa ameshaamka, amesimama katikati ya chumba, mkono kwenye usukani wa baiskeli, haendi popote.

"Mkoani hawatampokea," akasema. "Siwatu, hawatampokea."

Siwatu akamfunga mtoto kifuani, akajitanda. "Si tuna zahanati?"

Nyumba ya Mtendaji haikuwa mbali. Alipiga hodi mpaka mke wa Bwana Tindwa akatoka amejifunga kanga.

"Jamani, mama, kuna nini?"

"Nimeleta mgonjwa."

"Zahanati bado imelala."

"Iamshe."

Sijui nani alimwona nani, lakini katika kata ile mtu hawezi kupita njiani alfajiri na mtoto kifuani majirani wasijue. Wakajifunga shuka ya pili kwa baridi, wakafuata. Akaja Mama Daraja na mwanawe mwenye uvimbe wa tambazi. Akaja mama mwenye kipepeo cha ukili, yule wa kikaoni, amembeba mjukuu anayeharisha, macho chini. Akaja yule baba wa soda na mguu wake mbovu. Wakakaa barazani kwa foleni, bila kelele, kama watu wanaokaa mahali penye haki.

Bwana Tindwa alitoka na fulana na msuli, masharubu hayajachongwa.

"Nani amewaita hapa?"

"Redio," akasema Mama Daraja. "Tumesikia umefunguliwa."

"Mimi ni Mtendaji wa Kata."

"Ulikuwa. Sasa ni Zahanati. Uliitika mwenyewe, tulikuwepo wote."

Akafungua mdomo awafukuze, akaufunga. Waraka wa serikali ulikuwa wazi, yeye mwenyewe ndiye aliyeubandika ukutani: kituo chochote cha umma kitakachokutwa kimefungwa wakati wa huduma kitachukuliwa kuwa kimeasi. Na Bwana Tindwa hajawahi kuasi kitu chochote. Alivuta kigoda, akakaa.

"Aliye mbele," akasema.

Siwatu akasogea. Bwana Tindwa akajaribu kukumbuka zahanati huwa inafanyaje. Alikumbuka kwanza huuliza jina.

"Mgonjwa anaitwa nani?"

"Kilimia."

Na kwa kuwa ndivyo alivyowaona wauguzi wa mkoani wakifanya, kuita jina hata kama mwenyewe amekaa mbele yao, Bwana Tindwa, mtumishi wa serikali, akainua kichwa na kuita kwa sauti, baraza zima likasikia:

"Kilimia."

"Abee," akaitika Siwatu.

Bwana Tindwa alielewa wa mwisho. Aliangalia kushoto na kulia, kisha juu, kule ambako vile vinyota vilikuwa bado vimekusanyika bila kibali, vikififia.

"Sijaita mimi," akasema.

"Umeita, Bwana Zahanati. Na limekaa."

Angesema neno lingine, lakini mtoto alivuta pumzi, na mlio ule ukamfikia karibu sana. Akainama. Akaweka sikio kwenye kifua kile kidogo, sikio lililozoea kusikiliza wakubwa tu, akakaa hivyo kwa muda. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mtu ambaye pengine ndiye aliyemwoa mke wake.

"Huyu anataka dawa," akasema. "Na mimi sina. Sina kitu chochote. Nina pikipiki ya serikali tu."

"Inatosha," akasema Siwatu.

"Mafuta yake ni ya kumpokea Waziri."

Akaingia ndani, wakamsikia akigombana na viatu, akatoka bila viatu. Siwatu akapanda nyuma, mtoto katikati. Makungu alikuwa amefika mbio, akamfunika mke wake kofia yake, akamwambia mtoto sikioni jina lake mara nyingi, kama anayemwekea akiba ya njiani, hospitali wakiuliza asilikose. Pikipiki ikawaka, ikazimika, ikawaka.

Baraza likabaki na foleni yake.

"Zahanati imeondoka," akasema mke wa Bwana Tindwa, hajui awaambie nini. "Mtarudi?"

"Imeenda kutafuta dawa," akasema Mama Daraja. "Tutaingoja."

Wakangoja. Kulikuwa kunapambazuka polepole. Yule mama wa kipepeo cha ukili alimwinamia mjukuu wake, Kapu, akawa anamnong'oneza jina fulani, akilijaribu ulimini baada ya kulificha muda mrefu. Mwingine naye akaanza. Baraza likajaa minong'ono: mito, vijiji vya mabibi, nyota, maneno ya mapenzi yaliyowahi kukataliwa na polisi.

Mama Daraja alimvuta mwanawe mapajani.

"Bwana Zahanati akirudi atakuuliza jina. Sema Msanga. Yeye mwenyewe alikuwa na jina, na la pili likamkaa. Ni kijiji alikozaliwa baba yako. Ndilo alilolitaka."

Mtoto alifikiri. Alikuwa mtoto mwenye busara, na alikuwa amelibeba jina lile zito muda wote wa maisha yake.

"Na Daraja je, mama?"

"Daraja," akasema mama yake, akimfuta kamasi kwa ncha ya ile kanga aliyopewa na Wizara, "hilo sasa tutawadai."